Mama Alipokuwa Mwali Ulaya

Wiki iliyopita nilishuka sokoni Kwa Mathias kununua dagaa, nikajikuta nimesimama mbele ya mwanamke mmoja aliyepanga vijiti vya liwa na mawe ya msio ya kusagia juu ya gunia. Alikuwa amesaga kidogo kwa maji ili wateja waone. Harufu ile ilinikamata nikasahau hata dagaa wenyewe. Aliniuliza kama nina mwali nyumbani au bibi harusi. Nikamwambia sina, wangu wote wameshazeeka. Alicheka, nami nikacheka, lakini sikuondoka mpaka nimenunua kijiti kimoja ambacho sina kazi nacho.

Wa rika langu tuliokulia huku tunaijua harufu hiyo. Ni harufu ya chumba cha mwali: msichana aliyevunja ungo, akawekwa ndani afundwe, asiguswe na jua mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Kwangu mimi ina jambo la ziada. Kwa miezi mingi ya utoto wangu niliamini kwamba hiyo pia ndiyo harufu ya Ulaya.

Mama yangu alikuwa yaya. Tulikaa Visiga, yeye, dada yangu Zena na mimi. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya, sura yake naijua kwa kusimuliwa tu. Kila asubuhi mama alipanda basi kwenda Kibaha kwa wazungu, mume na mke, waliokuja kufundisha. Alimpokea binti yao akiwa hajatimiza hata siku arobaini. Muda wao wa kazi ulipokwisha walimwomba mama afuatane nao kwao kwa miaka miwili, kwa sababu mtoto alikuwa hataki kulishwa na mtu mwingine. Mama aliwaza weee, akashauriana na ndugu zake, akakubali. Sisi akatupeleka Vihingo kwa mama yake.

Siku ya kuondoka kwake sikulia, na watu walinisifu kwa hilo bila sababu. Sikulia kwa kuwa sikuelewa kitu. Nilidhani Ulaya ni mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni na mkate, kama alivyokuwa akirudi kutoka Kibaha. Nilianza kulia siku ya tatu, na hapo walionisifu wakanichoka.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzake, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wa kike, na maswali yangu alisema ndiyo yatakayomfukuza babu nyumbani, ingawa babu alikuwa ameshakufa zamani.

"Bibi, Ulaya ni wapi?"

"Mbali."

"Mbali kama Maneromango?"

"Mbali kupita Maneromango."

"Huko mama anakaa ndani au anakaa nje?"

"Mke mwenzangu, nitajuaje? Hebu shika huo mchi."

Hakuna aliyeweza kunijibu. Bibi hakuwahi kufika hata Dar es Salaam zaidi ya mara mbili. Zena, aliyekuwa darasa la sita, alinionyesha ramani kwenye kitabu chake, na mimi nikaona rangi ya waridi na rangi ya njano, sikuona mama. Kwa hiyo nikabaki na kazi ya kuitafuta Ulaya mwenyewe, kwa vitu nilivyokuwa navyo karibu.

Mwaka wa pili wa kukaa kwetu Vihingo, Zena alivunja ungo. Asubuhi alikuwa anafagia uwanja, mchana wamemfunika kanga gubigubi na kumwingiza chumba cha ndani, na tangu hapo hakufagia tena. Akaja Bi Tatu, kungwi wake, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, ambaye hata wanaume wakubwa walimpisha njia. Kuna mambo alimfunza Zena mlango ukiwa umefungwa, na hayo sikuyasikia mpaka ilipofika zamu yangu. Lakini sisi wadogo ambao hatujafikia hapo tuliruhusiwa kumpelekea maji na chakula, basi niliingia na kutoka, macho nimeyatoa.

Niliona kwamba mwali hatoki nje. Hasemi kwa sauti, ananong'ona tu. Jua halioni. Anakula uji wa mtama wenye tui asubuhi, wali mchana, na anasingwa liwa mpaka ngozi inatakata. Baada ya miezi michache dada yangu mwembamba mweusi alikuwa amenawiri mashavu na kuwa maji ya kunde, na Bi Tatu akawa anamwangalia kama mtu anavyoangalia muhogo wake mwenyewe, anasema, "Kaiva."

Kulikuwa na kitu kingine kilichonivutia kupita vyote. Zena alipewa mwanahiti, kigogo kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, kichwani kina vishungi viwili. Alitakiwa kukiogesha, kukipaka mafuta, kukivisha shanga na kulala nacho kama mwanawe. Nilikitamani mno. Nikamuuliza Bi Tatu kama Zena atakichukua akiolewa.

"Achukue wapi? Mwanahiti si wake, ni wa ukoo. Analea tu. Siku akitolewa anamrudisha kwa wenyewe, naye anakwenda kuzaa wake."

Hilo nililiweka kichwani. Siku za Jumatano watu wote wazima walikwenda shamba la kijiji, lile la pamoja, na mimi nilibaki na mwali. Nilikaa kizingitini, pale Bi Tatu alipokuwa na mazoea yake ya kunyunyiza unga wa mtama ili wanaume wajue mwisho wao, nikamsimulia Zena habari za nje: nani kagombana kisimani, nguruwe wameingia kwa nani. Yeye alikuwa hafurahii sana. Swali lake lilikuwa moja tu, la shule. Mwalimu alikuwa amemwambia Bibi kwamba Zena akirudi mwaka mpya utakapoanza atamwingiza darasa la saba. Akichelewa, basi tena, nafasi itakwenda kwa mwingine. Bibi naye alikuwa ameshatoa neno lake: mwali hatolewi mpaka mamake awepo. Miaka miwili ya mama ilikuwa inakaribia kwisha, kwa hiyo hesabu ilikuwa inakubali, ingawa kwa shida.

Ndipo ikaja barua yenye picha.

Barua zote zilipitia shuleni, mwalimu akanipa nilete nyumbani. Msomaji wetu alikuwa Zena, mwali na uwali wake. Bibi aliketi kitandani, mimi chini, mlango ukaachwa wazi kiasi cha mwanga kuingia, na Zena akasoma kwa kunong'ona. Mama aliandika kwamba hajambo. Huko kwa sasa ni baridi, hawatoki nje. Jua ana wiki nyingi hajaliona. Lugha yao hajaijua sawasawa, basi kutwa ananyamaza. Anakula sana, nguo alizokwenda nazo hazimwingii. Mtoto halali mpaka alale naye.

Mimi nilikuwa naangalia picha. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, kichwa amekifunga kitambaa mpaka kidevuni. Alikuwa amenenepa. Alikuwa mweupe kupita nilivyomjua. Mikononi alikuwa amembeba mtoto aliyeviringishwa nguo hata mikono na miguu haionekani, na juu ya kichwa cha mtoto yule kofia yake ilikuwa na vishungi viwili. Chini, kuanzia kizingitini na kuendelea, palikuwa peupe pe. Nikasema kimoyomoyo, hao makungwi wa Ulaya si wabahili, wamemwaga unga uwanja mzima.

Sikushangaa hata kidogo. Nilifurahi. Baada ya mwaka na zaidi wa kuuliza, nilikuwa nimejua mama yuko wapi. Amewekwa ndani. Hata yule mtoto, ambaye watoto wenzangu walikuwa wananichokoza kwamba ndiye kaninyang'anya mama, sasa hakuniudhi. Ni mwanahiti wake, analea tu.

Wakati mimi najipongeza, Zena alikuwa amefika ukurasa wa nyuma na sauti yake ilikuwa imekatika. Bibi akamwambia, soma. Akasoma. Wenyeji wa mama walikuwa wanamwomba aongeze miaka miwili mingine, naye alikuwa anataka kujua wao wanaonaje.

"Kazi ni kazi," Bibi akasema. "Nimzuie nimlishe nini? Na akae. Mwali naye atakaa."

Akatoka. Zena aliikunja barua vizuri, akaiweka chini ya mkeka, kisha akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika bila sauti, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani hata kulia mwali huruhusiwa kwa kunong'ona tu.

Kesho yake nilimfuata Bi Tatu alipokuwa anapepeta mpunga.

"Bi Tatu, shikamoo."

"Marahaba. Sema, maana wewe huniamkii bure."

"Mwali anaweza kujitoa mwenyewe?"

"Ajitoe mwenyewe ana wazimu? Mwali hutolewa. Ndugu zake wanakuja na ngoma, wanamchukua."

"Na wasipokuja?"

"Atakaa."

"Mpaka lini?"

Aliupiga ungo, pumba zikaruka. "Mpaka ndugu zake waone haya."

Nilirudi nyumbani mbio. Kumbe mambo yote yalikuwa wazi. Mama hakukataa kurudi. Mama alikuwa anangoja, amekaa kimya kama inavyotakiwa, na sisi ndugu zake tuko huku tunapepeta mpunga, hakuna hata mmoja aliyekwenda na ngoma. Niliona haya ya kweli, ile ya kuchoma masikio. Mpaka leo nikikumbuka utoto wangu, aibu ile naikumbuka kuliko njaa na kuliko viboko.

Jumatano ilipofika na watu wakaenda shamba, nilimletea Zena karatasi niliyoichana katikati ya daftari langu na penseli. Mimi mwenyewe nilikuwa darasa la kwanza, nilijua kuandika jina langu na majina ya wanyama wawili.

"Andika barua kwa mama," nikamwambia.

"Bibi kasema?"

"Bibi hajui. Andika: Mama, shikamoo. Ndugu zako tunaona haya. Ngoma iko tayari. Huyo mtoto mrudishe kwa wenyewe, kulea kwako kumekwisha. Tunakuja kukutoa."

Zena hakuandika. Aliniangalia, kigogo chake kimelala mapajani.

"Nani kakwambia mama ni mwali?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe." Nikamweleza yote: jua, unga, kunyamaza, kunenepa, vishungi. Nilieleza kwa haraka, nikihofia kwamba atacheka, na Zena alikuwa na kicheko cha kuumiza akitaka. Hakucheka. Alifungua mdomo kama anataka kunirekebisha, akaufunga. Kisha akalaza karatasi juu ya kitako cha kinu kidogo cha kutwangia vitunguu alichokipindua, akaandika neno kwa neno kama nilivyosema. Alipomaliza aliendelea kuandika mistari mingine midogo chini. Nikamuuliza ni nini hiyo, akasema ni salamu.

Anwani tuliinakili kutoka bahasha ya mama. Mwalimu alikuwa anakwenda Kisarawe mwisho wa mwezi, nikampa, nikamdanganya kwamba Bibi ndiye kanituma. Aliitia mfukoni bila kuuliza. Baada ya hapo nilianza kungoja, na kungoja kwangu hakukuwa kwa huzuni tena. Kila jioni nilikuwa nafikiria imefika wapi, na kama makungwi wa Ulaya watakubali wamtoe wenyewe, maana mpiga ngoma wetu alikuwa mzee mwenye mguu mbovu, asingeweza mwendo ule.

Mpunga ulivunwa ukaisha. Mwaka mpya ulikuwa umebakiza majuma machache, na Zena alikuwa ameacha kuuliza habari za shule. Siku moja saa tano asubuhi nilikuwa uwanjani nalinda mpunga uliokuwa umeanikwa, nafukuza kuku. Bibi na wanawake watatu wa jirani walikuwa wanatwanga nyuma ya nyumba. Nikaona kwenye njia ya kutoka barabarani, kule magari ya korosho yanakopita, mwanamke amejitwika sanduku. Alikuwa na viatu vizito na kanga mpya. Nilimjua kabla hajakaribia, kwa ule mwendo wake wa kutupa mkono mmoja. Alikuwa amenenepa, ametakata, kaiva hasa.

Sikumkimbilia kumlaki. Hili mama alinilaumu kwa utani maisha yake yote. Nilimkimbilia, ndiyo, lakini ili nimzuie. Nilisimama katikati ya njia nimetanua mikono.

"Simama hapo mama. Usiingie."

"Kuna nini?" Uso wake ulibadilika, sanduku likayumba. "Bibi yuko wapi? Zena ana nini?"

"Huwezi kuingia hivi hivi. Hakuna ngoma."

Nikamwacha amesimama juani, nikarudi mbio, nikaokota debe la kuchotea maji na mwiko wa Bibi, nikamfuata, nikalipiga kwa nguvu zangu zote huku namtangulia kinyumenyume kama nilivyoona wakubwa wanavyofanya mbele ya mwali. Wanawake wakatoka nyuma ya nyumba wameshika michi, wakidhani nyuki wamevamia. Wakamwona mama. Bibi alikaa chini palepale kwenye mpunga. Lakini Bi Tatu, ambaye alikuwa mmoja wa watwangaji wale, alinitazama mimi na debe langu, akamtazama mama, na sijui alielewa nini. Akatupa mchi, akapiga kigelegele kirefu, akaanza kucheza. Wenzake wakamfuata. Wakamzunguka mama, wakamtua sanduku, wakamwingiza nyumbani kwa debe na vigelegele, naye analia machozi yanaingia mdomoni na kucheka kwa wakati mmoja. Kutoka chumba cha ndani, kwa mara ya kwanza tangu awekwe, dada yangu alisikika akiita kwa sauti kubwa, na siku ile hakuna aliyemkemea.

Miaka mingi baadaye mama alinieleza kilichoandikwa chini ya barua yangu. Zena, mwali mtiifu, aliyekuwa hainui hata macho, alikuwa ameongeza kwamba Bibi ni mgonjwa, amesema ngoma ni baada ya mavuno, mama asipokuja watamtoa mwali bila yeye. Bibi hakuwa na ugonjwa wowote. Nilipomuuliza Zena alisema, "Sasa wewe ulidhani ni vile vishungi vyako ndivyo vimemleta?" Nilidhani hivyo kwa miaka kumi na tatu, na sioni ubaya wake. Zena alitolewa wiki ya pili baada ya mama kufika, na shule ilipofunguliwa alikuwa amekaa kwenye dawati lake la darasa la saba, mweupe kuliko wote.

Sisi tukarudi Visiga. Mama hakwenda tena popote. Alilima, aliuza vitumbua kando ya barabara, na tukamzoea upya haraka kuliko nilivyotarajia. Mimi niliona jambo limekwisha. Aliwekwa ndani, akatolewa, kigogo kimerudishwa kwa wenyewe. Sikuuliza tena habari za Ulaya, na wale walionijua walishangaa kwamba nimeishiwa maswali.

Adhuhuri moja, labda mwezi wa tatu tangu turudi, mama alikuwa anapakua wali jikoni, ametupa mgongo. Zena alikuwa ametandika mkeka. Mimi nilikuwa nachezea mchanga mlangoni. Mama akaita bila kugeuka, kwa sauti nyepesi ya mtu aliyekwishaita hivyo mara elfu.

"Karini, njoo unawe mikono."

Zena aliinua uso. Jina lile sikuwa nimelisikia kabla, barua zote zilisema mtoto tu. Niligeuka nyuma kuona ni nani aliyekuja, na hapakuwa na mtu. Nikamwona mama amesimama na upawa mkononi, haupeleki kwenye sahani wala haurudishi chunguni.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakikuwa kigogo. Kulikuwa na mtoto mahali, ana jina, ana mikono ya kunawa, naye huenda amesimama mlangoni anauliza wakubwa mama yuko wapi, na hakuna anayejua kumjibu.

"Abee, mama," nikaitika, nikaenda kunawa.